Programu ya hali ya hewa ya simu: nimeijaribu kaskazi nzima hapa Pangani

Kazi yangu ni dagaa. Nanunua wabichi pwani alfajiri, nachemsha kwa maji ya chumvi, naanika, nauza wakavu kwa gunia. Kwa hiyo mkisoma haya mjue anayeandika si mtu wa kuuliza kama abebe mwavuli. Dagaa akishatoka kwenye sufuria anataka jua na upepo siku hiyo hiyo. Akinyeshewa angali laini anapasuka tumbo, anabadilika rangi, jioni ananuka, na bei inashuka mpaka ya chakula cha kuku.

Programu ninayoisema ni ile iliyokuja ndani ya simu. Nimeitumia tangu mvua za vuli zilipokatika mwezi wa kumi na mbili hadi leo, mwisho wa Februari, majira yetu ya upepo wa kaskazi. Jina silitaji, maana nimeazima simu za wenzangu watatu nikalinganisha, zote zinasema karibu mamoja, zinatofautiana picha za mawingu tu. Nimeipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Ilianza na moja.

Ile moja ilitokana na wiki ya kwanza. Niliifungua, nikaandika Pangani, ikaja. Mchana nyuzi 26, usiku 14. Nikashangaa. Siku hizo hapa kwetu watu wanatoa mikeka barazani saa tano usiku kwa sababu ndani hakulaliki, umeme ukikatika feni nayo ndiyo basi, halafu simu inaniambia 14! Nikajua imeharibika. Siku ya sita mtoto wa kaka yangu akapita kutoka shule, akaishika dakika moja, akaanza kucheka. "Shangazi, hii Pangani ya Nairobi." Kumbe Nairobi nako kuna mtaa unaitwa Pangani, njia ya Thika, na simu ilipoulizwa ikachagua kwenye mji mkubwa. Wiki nzima nimeanika dagaa wa Tanga kwa jua la Kenya. Basi mkiifungua msiandike Pangani peke yake, andikeni na Tanga, au iruhusuni simu ijue mlipo. Na hata ukiiruhusu tupa jicho pale juu kila asubuhi, kwani mtandao ukiwa dhaifu yangu huwa inahamia Tanga mjini, na Tanga mjini ni kama kilomita hamsini kutoka hapa.

Joto inapatia, tena vizuri. Mchana 31, 32, siku mbaya 33. Usiku haishuki chini ya 24. Lakini kutabiri joto la Pangani mwezi wa pili ni kama kutabiri kuwa kesho bahari itakuwa na chumvi. Chenye faida hapo ni ile namba ndogo pembeni, ya joto linavyohisika mwilini. Ikisema nyuzi 32 na unyevu 65, pembeni inaandika 39, na aliyesimama juu ya sufuria la dagaa na moto wa kuni chini yake anajua hiyo 39 si uongo. Siku za namna hiyo nawaambia wasichana tuwashe moto saa kumi na moja alfajiri na saa nne tuwe tumemaliza kuchemsha. Na bado, maana wiki ya kwanza ya Machi ndipo jua la saa sita linapita utosini kabisa huku kwetu, kivuli unakikanyaga.

Sasa mvua, ndiko nilikolia.

Januari na Februari ndiyo miezi yetu mikavu, vuli imekwisha na masika bado. Lakini pwani hii mvua haiagi moja kwa moja. Kuna zile za alfajiri na asubuhi zinazotoka baharini: unaona wingu moja jeusi upande wa kisiwa cha Maziwe, linasogea, linamwaga robo saa, linapita, jua linawaka kama hakuna lililotokea. Mkulima wa Mwera hata haihesabu kuwa mvua. Mie naihesabu ndoo kwa ndoo.

Simu inaandika asilimia. Mwanzoni nikiona 30 nilifikiri ni mvua kidogo, manyunyu, na 80 ni mvua kubwa. Sivyo. Maana yake, chukua siku kumi zinazofanana na hii, tatu kati yake zitapata mvua. Haikwambii itakuwa kubwa au ndogo, wala haikwambii itamnyea nani, wewe au wa Bweni ng'ambo ya mto. Nilipolielewa hilo nikaanza kufanya hesabu yangu. Nikiwa na ndoo mbili, hata kwa 40 naanika, zikilowa nitakula hasara ya ndoo mbili. Nikiwa na ndoo kumi, kwa hiyo hiyo 40 naanika nusu tu, chanja za karibu na banda, na turubai limeshakunjuliwa.

Mkasa wenyewe ni huu. Giza la Januari (kwa wasiojua, dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, kwa taa, kwa hiyo sisi mwezi wetu wa kazi ni zile siku za giza) zilishuka dagaa nyingi, nikapata ndoo kumi na mbili kwa shilingi 35,000 kila moja. Jioni yake nilikuwa nimepiga picha ya kioo cha simu, ule utabiri wa saa kwa saa, nikamtumia WhatsApp binti anayenisaidia, nikamwambia angalia mvua ya kesho. Akajibu, "Sawa mama, nimeiona, ya saa tisa." Nikalala. Asubuhi tukachemsha, tukaanika zote kumi na mbili, jua zuri, mie nikapanda pantoni kwenda Bweni kufuata kuni. Nilihesabu kufika saa saba tungekuwa tumeshageuza mara mbili na kuanza kukusanya.

Saa tatu kasoro dakika chache niko katikati ya mto, narudi, naliona wingu. Unajua pantoni inavyokwenda. Hata ukimpigia kelele nahodha haendi zaidi ya pale. Nikafika ng'ambo mvua imeshapiga, binti amefunika chanja mbili peke yake, analia.

Kumbe simu ilikuwa imeandika 9. Tisa ya asubuhi ya Kizungu, yaani saa tatu yetu. Programu ilipatia kwa saa, karibu kwa dakika! Aliyekosea ni sisi. Dagaa wa laki nne na ishirini niliambulia laki moja na nusu kwa wafugaji wa kuku, na usiku huo huo nikaipandisha nyota kutoka moja hadi tatu, roho inaniuma.

Lakini hapo hapo nina neno na waliotengeneza. Simu yangu nimeiweka Kiswahili. Siku inaandika Jumatatu, Jumanne. Mwezi inaandika Februari. Upepo, unyevu, machweo, vyote Kiswahili kizuri tu. Ikifika kwenye saa inarudi Ulaya. Mtu akiniandikia kwa Kiswahili "mvua saa 9", mie na kila mtu kuanzia Tanga mpaka Kigoma tutaelewa alasiri. Wangeweka kitufe kimoja tu cha saa za Kiswahili nusu nyota ingeongezeka leo hii. Kwa sasa tumebandika karatasi ukutani bandani: 6 ni saa kumi na mbili, 7 ni saa moja, 9 ni SAA TATU, hii kwa kalamu nyekundu.

Jambo ambalo limenifanya niendelee nayo limefichwa chini kabisa, unasukuma kioo kwa kidole mara tatu ndipo unalikuta. Unyevu wa hewa na upepo. Miaka yote nilidhani dagaa wanakaushwa na joto. Kuna siku ya nyuzi 33 wanabaki laini mpaka jioni, na siku ya 30 saa nane mchana ukiwashika wanalia mkononi kama majani makavu. Nilikuwa nasema ni aina ya dagaa, au chumvi imezidi. Nikaanza kuandika kwenye daftari la madeni, ukurasa wa nyuma: joto, unyevu, upepo, wamekauka au hawakukauka. Haikuchukua hata giza mbili nikaona. Unyevu wa mchana ukiwa 60 hadi 65 na upepo wa kilomita 20 kwa saa, wanakauka siku moja. Unyevu ukiwa 75 na hewa imetulia, hata jua likichoma namna gani, wanalala bandani na kesho wanatoka tena. Ni hewa yenyewe imeshiba maji. Tambara lililolowa halifuti meza.

Na usiku unyevu unapanda mpaka 90. Ndiyo maana wazee walisema dagaa waanuliwe kabla ya magharibi. Ukiwaacha nje, walichotoa mchana wanakinywa tena usiku. Nilikuwa nafanya kwa mazoea, sasa naiona kwa namba. Hii peke yake ina thamani ya bando ninaloweka.

Upepo una mitego yake. Mshale wa kwenye simu unaonyesha upepo unakokwenda, ilhali jina la upepo ni la unakotoka. Kaskazi inatoka kaskazini mashariki, kwa hiyo mshale umeelekea kusini magharibi, na tulibishana na yule mtoto wa kaka yangu mpaka tukatoka nje kuangalia bendera za mashua. Jingine ni kwamba asubuhi programu haiujui umande. Kwa wageni: hapa alfajiri upepo unatoka bara, wa baridi, unakwenda baharini. Mie nauona kwa moshi wa jiko langu, unalala kuelekea maji. Saa nne hivi moshi unasimama wima kidogo, unajizungusha, halafu unakuja usoni. Hapo kaskazi imeingia na ndiyo saa ya kugeuza dagaa. Simu yenyewe inaandika kaskazi tangu alfajiri, kama vile umande haupo duniani.

Sababu yake nilielezwa na kijana mmoja aliyesomea mambo haya, alikuja kununua dagaa wa kupeleka Dar. Hizi programu hazina mtu Pangani wala chombo Pangani. Zinachukua hesabu za kompyuta kubwa za Marekani na Ulaya, ambazo zimeigawa dunia vipande vipande kama nyavu. Tundu la wavu wa Ulaya lina upana wa kilomita tisa hivi, la Marekani kumi na tatu. Pangani mjini unaimaliza kwa miguu nusu saa. Kwa hiyo tundu moja limeshika mji, mto, Bweni, minazi, na bahari, vyote vimekorogwa vikatoa jibu moja, nusu nchi kavu nusu maji. Wingu langu la robo saa linapenya kwenye tundu kama dagaa kwenye jarife. Aliponieleza hivyo nilimwongezea nusu kilo.

Siku saba, siku kumi? Mbili za kwanza naziamini, ya tatu naisikiliza, zaidi ya hapo naiona mapambo. Mara nne iliniandikia mvua ya siku ya sita ikafika siku yenyewe kweupe.

Mtu atauliza, TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, je? Hiyo naisikiliza redioni jioni, na haifanyi kazi moja na simu. Taarifa ya kila siku inatutaja kwa mkoa, na mkoa wetu una mambo: Lushoto juu wamevaa masweta, sisi huku tunajipepea kwa kipande cha boksi, wote tumo kwenye Tanga. Ikisema "mvua nyepesi katika maeneo machache" hainiambii kama machache hayo ni chanja zangu. Lakini kwa mambo makubwa ndiyo ninayoifuata, na rangi zake nimezishika: njano angalizo, chungwa tahadhari, nyekundu tahadhari kubwa, na wanatazama siku tano mbele. Kaskazi ikichachamaa wanatangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili ukanda wote wa pwani, na hapo najua vyombo havitoki, dagaa hakuna, kuni zangu nisizimalize. Na Mei 2024, kile kimbunga Hidaya kilichopiga Mafia tarehe 4, tulijua siku kadhaa kabla. Ngalawa zilikuwa zimeshavutwa juu.

Programu ya simu haina maji kupwa na kujaa, na kwa mji wa mdomo wa mto hili ni pengo kubwa. Mdomo wa Pangani una fungu la mchanga. Siku za giza ndizo za bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, na bamvua yetu maji yanakuwa makavu kabisa saa nne, saa tano asubuhi. Mashua iliyochelewa kuingia inakaa nje inasubiri, na dagaa wakishuka baada ya saa sita, hata unyevu ungekuwa 50, jua halikutoshi. Hilo sijapata simu ya kuniambia. Naambiwa na babu mmoja, nahodha mstaafu, anayekaa chini ya mkungu karibu na kivuko.

Babu huyo hesabu yake ni ya miongo, siku kumi kumi, kuanzia Siku ya Mwaka ya mwezi wa saba, mwaka mpya wa Waswahili. Nikimpita asubuhi, "Shikamoo babu," "Marahaba mwanangu, tumeingia mwongo wa ishirini na mbili, kaskazi inazeeka." Nilimwonyesha simu. Akaitazama sana, akaniuliza, "Inakuonyesha na matlai?" Nikamwambia hapana. Akanirudishia. Siku mbili baadaye matlai yenyewe yakaja, upepo ukawa unatoka mashariki moja kwa moja, laini, una unyevunyevu, na alfajiri mvua ikaja. Simu ilikuwa na asilimia 20. Sisemi babu anashinda simu. Wiki iliyofuata aliniambia nisianike, sikuanika, jua likawaka kutwa na mie nimekaa na ndoo sita bandani natupa chumvi. Sikumwambia kitu. Mtu mzima yule.

Mengine madogo. Inakula chaji, hasa ukiiacha ijue ulipo. Matangazo yanatokea hasa pale unapotaka kuona mvua, unabonyeza unajikuta dukani. Bila bando inakuonyesha utabiri wa jana bila kukwambia ni wa jana. Chunguza saa ya mwisho iliyojipakua, imeandikwa kwa herufi za sisimizi pale chini.

Leo naandika saa mbili usiku, giza la Februari limebaki siku tatu. Kesho imeandika nyuzi 32, unyevu wa mchana 63, kaskazi kilomita 22, mvua asilimia 10 hadi saa sita mchana yetu, nimeihakikisha mara mbili na karatasi ya ukutani. Keshokutwa upepo unashuka hadi 9 na unyevu 77. Kwa hiyo kesho nitachukua ndoo nyingi kadiri fedha itakavyofika, keshokutwa nitachukua tatu tu. Binti nimemwambia aje saa kumi na moja alfajiri. Ameuliza, "Yetu au ya simu?"